Samadi iko Mabwepande, mchicha uko Bunju

Samadi ya kutosha matuta yetu yote ya Bunju imelala kwenye mabanda ya Mabwepande. Kinachotukwamisha ni mahali pa kuiivishia.

Nalima mchicha, matembele na chainizi bondeni, kwenye kiwanja cha mtu. Anayeniletea samadi ni dada mmoja anayefuga ng'ombe wa maziwa ndani, banda likiwa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Ng'ombe mmoja wa maziwa hutoa kinyesi cha kilo 20 hivi kwa siku. Mvua ikinyesha mfululizo, majirani hulalamikia harufu na nzi, na mwenyekiti wa mtaa huitwa. Hapo mfugaji humpa samadi yeyote mwenye guta, kwa bei ya kutupa, au samadi huishia mtaroni.

Kwa hiyo hunifikia mbichi. Samadi mbichi, ya kuku hasa, huunguza miche, huleta magugu, na huacha vijidudu vya tumbo kwenye mboga ambayo mama wa watu ataipika jioni. Mchicha wangu huvunwa ndani ya wiki tatu au nne. Lundo la mboji linataka miezi miwili hadi mitatu. Unapanga mabua na majani makavu, unaweka samadi, unanyunyiza maji, unarudia, kisha unachomeka fimbo ndefu hadi katikati. Ukiichomoa baada ya siku chache ikawa ya moto mkononi, lundo linafanya kazi. Ikiwa baridi na kavu, ongeza maji. Ukishaligeuza mara kadhaa na fimbo haitoki tena na joto, mboji inakaribia kuiva, inanukia udongo. Lakini nani atakalia sehemu ya bustani kwa miezi mitatu kwenye kiwanja ambacho mwenyewe anaweza kushusha tofali kesho?

Nami nina cha kumrudishia mfugaji: mabua ya mahindi, mashina ya matembele, mchicha uliokwisha kutoa maua. Hapa wakulima tuwe wakweli. Majani yaliyopigwa dawa juzi hayaendi kwa ng'ombe, kwa sababu maziwa yake wanakunywa watoto wetu. Mfugaji ana haki ya kujua nilipiga dawa gani na lini, na kila mkulima aandike tarehe kwenye daftari.

Wenzetu wa kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, ardhi ilipowabana walifungia ng'ombe ndani, wakawakatia majani na kubeba samadi hadi shambani. Uchagani, kihamba, yaani shamba la nyumbani, kimeishi hivyo hivyo, mgomba ukimlisha ng'ombe na ng'ombe akiulisha mgomba. Kwetu Kinondoni, zilipo Bunju na Mabwepande, nako ardhi imebana.

Sheria haijatukataa. Kanuni za kilimo cha mjini za 1992 zilimruhusu mkazi kufuga ng'ombe wasiozidi wanne, wakiwa bandani. Mabwepande penyewe pana mtambo wa mboji wa manispaa, uliojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg kwa ajili ya taka za masoko. Nauheshimu, lakini haja ya mfugaji mwenye ng'ombe wawili ni ndogo zaidi na iko karibu zaidi: eneo la kiwanja kimoja tu katika kila kata, lenye kivuli, maji na uzio, mbali kidogo na makazi. Afisa ugani wa kilimo na wa mifugo wakutane hapo siku moja, wasije kila mmoja kwa wakati wake.

Guta na maturubai yanaweza kutoka kwenye mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo wanawake tumetengewa asilimia nne. Ninachokiona ni vikundi vya wakulima peke yao na vya wafugaji peke yao. Sisi tutaomba kwa kikundi kimoja, na maombi ya eneo tutayapeleka kwenye mkutano ujao wa mtaa. Lundo likianza Desemba, masika yatakuta mboji iko tayari.