Delta ya Rufiji isisubiri nguzo

Mwaka 2025 mtambo wa tisa, ambao ni wa mwisho, wa Bwawa la Julius Nyerere ulikamilika, na mto mmoja ukawa na uwezo wa kuzalisha megawati 2,115, kiasi kinachokaribia mahitaji ya nchi nzima. Umeme huo unaondoka Rufiji kwa njia ya kilovolti 400 hadi Chalinze, ndiko unakoingia gridi ya taifa. Maji yaliyozungusha mitambo yanashuka upande wa pili, wilayani Kibiti, yakipita kati ya visiwa vya mikoko hadi baharini. Tukiendelea kupima nishati jadidifu kwa megawati na kwa nguzo zilizosimikwa, vijiji vya delta vilivyo nje ya gridi vitabaki mwisho wa foleni. Dawa yake ni gridi ndogo za umeme jua katika kata kama Salale, Mbuchi, Maparoni, Kiongoroni na Msala, kwa bei ileile anayolipa mteja mdogo wa shirika la umeme, TANESCO.

Kinachoipa delta haki ya mpango wake ni jiografia. Kusimika nguzo kwenye matope yanayofunikwa na maji kujaa, kuvusha nyaya juu ya mikono ya mto inayohama, na kufyeka njia ndani ya msitu wa mikoko unaolindwa kisheria, ni kazi ghali ya kuhudumia kaya chache zilizotawanyika. Paneli na betri husafirishwa kwa boti na kufungwa kijijini. Tena umeme huo una kazi ya kufanya siku ya kwanza: kamba na samaki huharibika haraka pasipo barafu, na mvuvi asiye na barafu hana nguvu ya kubishana bei na mchuuzi.

Sheria haijaufunga mlango huu. Mzalishaji wa chini ya megawati 1 hahitaji leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati. Kikwazo ni bei. Mteja mdogo wa TANESCO hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya tozo na kodi, na hakuna mwekezaji wa gridi ya kijiji anayeweza kurudisha mtaji kwa bei hiyo. Akiruhusiwa kutoza gharama halisi, maskini wa kisiwani atalipa zaidi kuliko mkazi wa Masaki, Dar es Salaam; akikatazwa, hatakuja. Njia ni Wakala wa Nishati Vijijini, REA, kulipa tofauti kwa kila kaya iliyounganishwa na inayopata umeme kweli. Fedha ina chanzo: kila anunuaye umeme wa Luku hukatwa asilimia 3 kwa ajili ya REA.

Wapo watakaosema kuwa nchi yenye umeme wa bwawa haina sababu ya kufadhili sola. Lakini wingi wa umeme bwawani haupunguzi gharama ya nguzo hata moja Mbuchi. Wengine watahofia kuwa gridi ikifika, mitambo itakuwa chuma chakavu. Lakini kanuni za wazalishaji wadogo zinawaruhusu kuiuzia TANESCO umeme wao. Pingamizi zito ni la usawa: Kibiti ikipewa, kila wilaya itadai. Na idai, kama ina visiwa vyake. Ila delta ina dai la ziada. Wakulima wa mlau hupanda mafuriko yanapopungua, kwa hiyo kalenda yao ni mto wenyewe. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoikumba Rufiji na Kibiti, Serikali ilisema chanzo ni mvua, si bwawa. Hata tukikubali hivyo, leo kiasi cha maji kinachoshuka huamuliwa pia na malango ya bwawa. Anayeishi chini ya malango hayo kwa faida ya taifa zima asiambiwe asubiri nguzo. Bajeti ijayo ya REA iwe na fungu la delta, lenye idadi ya vijiji na mwaka wa kukamilika, ili Bunge liweze kuhoji.