Likasi: Ambreyaji nzito si dalili ya gari lenye nguvu

Kuna imani inayozunguka katika magaraji ya Likasi, kuanzia Kikula hadi Panda: kwamba gari lenye pedali nzito ya ambreyaji ndilo gari lenye nguvu, na kwamba shofa mwanaume haombi ilainishwe. Imani hiyo inawagharimu vijana wanaonunua magari ya mbio yaliyokwisha tumika Japani. Inawagharimu pia mashofa wa taxi. Siku moja itamgharimu mtu anayevuka barabara kwa miguu. Kwa maoni yangu, wakati wa kuiacha umefika.

Tuanze na kazi ya chombo chenyewe. Ambreyaji, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita klachi, ni diski inayobanwa kati ya gurudumu zito la injini na sahani yenye springi kali. Ukikanyaga pedali, nguvu ya mguu inapita kwenye kebo au kwenye mafuta, inasukuma beringi, beringi inabonyeza springi, na diski inaachiliwa. Hapo unaweza kubadilisha vitesi. Ukitoa mguu polepole, springi inabana tena na gari linaondoka. Pedali haiongezi hata punje ya nguvu kwenye injini.

Basi uzito unatoka wapi? Mara nyingi unatoka kwenye kebo iliyokauka au iliyoanza kukatika nyuzi, na vumbi letu jekundu la kiangazi linaharakisha jambo hilo. Mara nyingine springi imechakaa na diski imekuwa nyembamba. Mara chache, mwenye gari amefungiwa sahani ya mashindano yenye springi kali kuliko ya kiwandani. Sababu mbili za kwanza ni ugonjwa. Ya tatu ni chaguo, na chaguo hilo ndilo vijana wetu wanaliiga bila kujua lilikusudiwa kwa nani.

Kijana anayenunua Subaru Impreza au Toyota Altezza ya vitesi vya mkono anataka alisikie gari chini ya mguu. Hilo si kosa. Gari la namna hiyo lina raha yake, na raha hiyo ipo katika pedali inayosema wazi: hapa diski inaanza kushika, hapa imeshika kabisa. Lakini diski ya chuma ya mashindano haishiki polepole. Inashika ghafla, kama mlango unaofungwa na upepo. Kwenye uwanja wa mbio, ambako shofa huondoka mara moja tu, hilo halina shida. Likasi ni mji wa milima midogo, na tunaondoka na kusimama mara mia kwa siku, watoto wa shule wakipita mbele ya kioo. Gari linaloruka badala ya kuondoka halifai huku.

Wapo watakaosema: injini iliyoongezewa nguvu inahitaji ambreyaji kali, la sivyo diski itateleza. Ni kweli. Lakini tuulizane: ni magari mangapi katika mji wetu yameongezewa nguvu kweli, na si kuongezewa tu sauti ya bomba la moshi? Gari lililobaki na injini yake ya kiwandani linatosheka na ambreyaji ya kiwandani iliyorekebishwa vizuri.

Na kurekebisha vizuri kunaanza na rula ya mwanafunzi, si na spea ya bei kali. Kila pedali inapaswa kuwa na nafasi ndogo ya kwenda bure kabla haijaanza kusukuma chochote. Katika magari mengi ya Toyota yenye ambreyaji ya mafuta, nafasi hiyo ni kati ya milimita 5 na 15. Ikikosekana, beringi inabonyeza springi saa zote hata mguu ukiwa mbali, diski inateleza, inapata moto na kuungua. Ikizidi, diski haiachiliwi kabisa, vitesi vinalia, hasa marsharia, na meno ya gia yanaliwa. Fundi analegeza nati, anazungusha fimbo inayotoka kwenye pedali, anapima, anakaza tena. Aina nyingine ya gari ina kipimo chake, na fundi anapaswa kukitafuta kabla ya kushika ufunguo.

Pedali ikiwa laini kama sponji, mara nyingi kuna hewa ndani ya mafuta. Dawa ni kutoa hewa na kutafuta pale panapovuja. Kuongeza mafuta kila wiki si matengenezo. Magari mengine, kama Toyota 86 na Subaru BRZ, yana springi ndogo pale pale kwenye pedali ya kusaidia mguu. Anayetaka kusikia vizuri zaidi mahali diski inaposhika anaweza kuanza kwa kuweka springi laini zaidi hapo, bila kugusa diski. Na kama gari limegeuzwa usukani kutoka kulia kwenda kushoto, pedali na mpira wake wa mafuta vikaguliwe kwanza kabisa, maana kazi hiyo ikifanywa vibaya, kipimo cha kiwandani hakina maana tena.

Nimeanza na magari ya vijana kwa sababu ndiyo yanayoonekana. Lakini jambo zito zaidi liko kwenye taxi na mabasi madogo. Huko shofa anampa mwenye gari malipo ya kila siku, yaani "versement", na kinachobaki ndicho anachopeleka nyumbani. Katika mpango huo hakuna siku ya matengenezo. Mwenye gari anasema pedali ni kazi ya shofa. Shofa anasema gari si lake. Pedali inazidi kupanda, goti la kushoto la shofa linauma, na wote wawili wanasubiri.

Siku diski inapoungua, hukumu hutolewa haraka: "Umeniunguzia ambreyaji." Shofa anakatwa fedha au anafukuzwa. Inawezekana kweli alikuwa anapumzisha mguu kwenye pedali au analishikilia gari mlimani kwa ambreyaji badala ya breki ya mkono. Lakini inawezekana pia fundi alikaza fimbo mno mwezi uliopita, na diski ikaanza kuungua tangu siku hiyo. Bila kipimo kilichoandikwa, hakuna anayejua, na asiye na gari ndiye anayelipa. Huo si uadilifu.

Tukumbuke pia barabara tuliyo nayo. Likasi iko kwenye barabara ya taifa namba 1, kati ya Lubumbashi na Kolwezi. Malori ya shaba na kobalti yanapita hapa kuelekea Kasumbalesa, na mengine yanapanda yamebeba asidi na makaa kwa ajili ya migodi. Taxi ambayo diski yake inateleza katikati ya mlima, lori la tani nyingi likiwa nyuma yake, haina pa kukimbilia. Na abiria waliomo ndani hawakuulizwa kama pedali ilipimwa.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila fundi anayegusa ambreyaji aandike kwenye karatasi kipimo alichokikuta na kipimo alichokiacha, na mwenye gari na shofa wote wapate nakala. Pili, wenye magari na mashofa wakubaliane siku moja kila mwezi bila "versement", kwa ajili ya kukagua gari, na gharama ya spea ibaki kwa mwenye gari. Tatu, wanaofanya ukaguzi wa magari waangalie pia kama diski inateleza, wala hilo halihitaji mashine. Gari likiwa limesimama mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa na hakuna mtu mbele, shofa anaweka kitesi cha tatu na kuachia pedali. Injini ikizimika mara moja, diski inashika. Ikiendelea kunguruma, inateleza. Lakini ukaguzi huo usigeuke sababu nyingine ya kumsimamisha shofa barabarani na kumwomba kitu kidogo.

Mafundi wetu wana mikono mizuri. Baadhi walijifunzia kazi katika magaraji ya Gécamines, ambako kipimo kilikuwa sheria. Ujuzi huo haujapotea. Kilichopotea ni desturi ya mteja kuuliza: umepima? Kijana wa Subaru aulize, shofa wa taxi aulize, na mwenye gari aulize kabla ya kumkata mtu mshahara.