Maumivu ya Shingo na Mazoezi Yake

Fundi cherehani wa Arua huinama kutwa juu ya kazi yake; mama wa Koboko hujitwika dumu la maji la lita 20, yaani kilo 20. Shingo ikiuma kwa miezi, wengi hudhani dawa ni kuipumzisha tu. Sivyo. Mwaka 2003 ilitangazwa huko Finland kwamba, kati ya wanawake 180 wa kazi za ofisini waliofuatwa kwa miezi 12, waliokaza misuli ya shingo walipata nafuu kubwa kuliko walionyoosha viungo tu.

Keti wima. Weka kiganja kwenye paji la uso. Sukuma kichwa mbele taratibu, mkono ukikizuia kisisogee. Hesabu hadi 5, pumzika, rudia mara 5. Kisha fanya vivyo hivyo kisogoni na pande zote mbili. Usibane pumzi, maumivu yakizidi, punguza nguvu. Nafuu huja baada ya majuma mengi, basi usikate tamaa.

Lakini angalia: shingo ikikakamaa ghafla pamoja na homa na kuumwa kichwa, hayo si ya mazoezi. Huenda ni homa ya uti wa mgongo, iliyozuka West Nile mwaka 2007. Kimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Mkono ukifa ganzi au ukilegea, mwone daktari pia.