Steringi Naye Anakufa

Siku hizi hadithi nyingi za Kiswahili zinauzwa kwa sehemu, kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook. Sehemu za mwanzo bure. Ukishanogewa, unatuma hela kwa simu. Sina ugomvi na biashara hiyo, mwandishi naye anakula. Ugomvi wangu unaanza pale mhusika anapougua na wasomaji wanapokuja juu: ukimuua tu, tunajitoa! Mwandishi anaiwaza kodi ya nyumba, mgonjwa anapona. Hapo kalamu imeporwa, na aliyekula hasara kubwa ni msomaji mwenyewe.

Wataniambia mteja ni mfalme. Haya, tuichukue Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Zakaria anampiga bintiye kwa ajili ya barua ya mvulana, anamfungia dunia, na binti anapotoka nyumbani hajui hata pa kuanzia. Mwisho Rosa anajiua. Hebu fikiria riwaya hiyo ingekuwa inatoka kwa sehemu leo. Tungepiga kelele sote: Charles amsamehe, wafunge ndoa! Tungepewa harusi, tukalala vizuri. Tatizo ni kwamba Zakaria naye angelala vizuri. Kile kifo ndicho kinachomkalisha chini baba anayesoma na kumuuliza: wewe wako unamleaje? Harusi isingemuuliza kitu.

Wengine wanakimbilia mila. Eti hadithi zetu tangu zamani ni za kushirikiana, msimuliaji anasema "Paukwa", wasikilizaji wanajibu "Pakawa". Kweli kabisa. Lakini wakishajibu wanafanya nini? Wanasikiliza! Wanacheka, wanaguna, wanaitikia wimbo, na bibi anayajua masikio yao, anapunguza hapa, anaongeza pale. Ila zimwi likishammeza mtoto, hakuna mjukuu anayempigisha bibi kura.

Kuna hoja moja nzito zaidi, nayo ni Sherlock Holmes. Arthur Conan Doyle alimuua mwaka 1893, wasomaji wakachachamaa, na mwaka 1901 akaanza kutoa The Hound of the Baskervilles, kitabu ambacho wengi wanakipenda kuliko vyote vya Holmes. Si unaona, mashabiki walikuwa sahihi? Polepole. Hadithi hiyo aliiweka kabla ya kifo; kaburi hakuligusa. Kumfufua kabisa kulikuja 1903, na donge nono la wachapishaji lilikuwa mezani. Tulipata hadithi nyingine nzuri, sikatai. Lakini tangu hapo Holmes akining'inia ukingoni mwa jabali, nani anashtuka? Tunajua atarudi.

Turudi kwa Kezilahabi. Baada ya Gamba la Nyoka ya 1979, alikuwa na wasomaji waliomzoea. Akawaletea Nagona mwaka 1990 na Mzingile 1991, vitabu vyembamba, vya mafumbo, ambavyo mpaka leo watu wanalalamika haviingii kichwani. Angewasikiliza, angeandika Rosa wa pili, wa tatu, wa nne. Riwaya ya Kiswahili ingebaki ilipokuwa, na sisi tungemsifu kwa kutuzungusha palepale.

Msomaji ana haki zake, na ni nyingi. Dai lugha safi. Dai hadithi imalizwe, maana kuna waandishi wanaokula hela na kuishia sehemu ya 30. Mhusika akibadilika ghafla bila sababu, uliza. Ukichoshwa, funga kitabu, nenda. Haya yote yanamfanya mwandishi aandike vizuri zaidi. Kumchagulia nani aishi na nani afe kunamfanya karani wako.

Na wewe mwandishi: kama steringi anatakiwa kufa, afe. Watakaojitoa wajitoe. Atakayebaki, analia na kukutukana, ndiye uliyekuwa unamwandikia.