Skrini ya Kijapani isikupandishie bei ya gari

Minada ya korosho huanza Oktoba, na fedha zikishafika mikononi mwa wakulima na wachuuzi wa Mtwara, sehemu yake hugeuka kuwa magari. Mnunuzi huagiza Toyota iliyotumika Japani, huipokea bandarini Dar es Salaam, kisha huiteremsha Kusini kwa barabara ili iwe teksi au gari la kukodi. Ukurasa huu hauna ugomvi na uwekezaji huo. Ugomvi wetu ni na ile skrini ya katikati ya dashibodi, ambayo muuzaji huitaja kama sifa na mnunuzi huilipia.

Tuipime kama mali. Ramani yake ni ya Japani, haijui Mikindani wala Ziwani. Maandishi ni ya Kijapani. Redio yake ilitengenezwa kunasa FM ya megahezi 76 hadi 90, au 95 kwa zile za karibuni, ilhali stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108; nyingi hazisikiki mpaka fundi afunge kifaa cha kubadili masafa. Betri ikitolewa, baadhi ya redio hizo hujifunga na kudai namba ya siri, tena kwa Kijapani. Kitu cha namna hiyo hakiongezi thamani. Ni gharama inayokusubiri.

Hasara kubwa zaidi iko barabarani. Mwaka 2013 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa mwongozo kwamba jambo lolote la kwenye skrini lisimtoe dereva macho barabarani kwa zaidi ya sekunde 2 kwa mara moja, wala sekunde 12 kwa jumla. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde 2 ni mita 44. Hapo wanazungumzia dereva anayeielewa lugha ya skrini yake. Wa kwetu anabahatisha.

Linganisha na Vitz. Nyingi hazina hata geji ya joto, bali kitaa cha buluu injini ikiwa baridi na chekundu ikichemka. Chekundu kikiwaka, kila dereva anajua asimame. Lakini onyo likija kwa sentensi ya Kijapani, dereva wa kuajiriwa huendelea na safari, na anayelipia injini ni mwenye gari. Vivyo hivyo mvua ikinyesha na kioo cha mbele kikaingia ukungu: swichi ya kuzungusha huipata kwa kupapasa, ya kwenye skrini lazima aitazame. Kamera ya kurudi nyuma tunaisifu bila kinyongo, kwa kuwa picha haihitaji mkalimani.

Wapo watakaosema wanunue gari la zamani lenye vitufe. Si rahisi hivyo. Gari la abiria lililozidi miaka 8 hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, kwa hiyo kodi yenyewe inamsukuma mnunuzi kwenye matoleo mapya, ambako vitufe vinazidi kupungua. Ulaya wameanza kugeuka: kuanzia 2026 Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari, wanaangalia kama indiketa, hazadi, waipa na honi vina swichi halisi kabla ya kutoa nyota 5. Magari hayo yatachukua miaka kufika kwetu yakiwa mitumba.

Kwa sasa, ndugu mfanyabiashara, mkalishe kwenye usukani dereva utakayemwajiri, si wewe mwenyewe. Gari likiwa limesimama, mwambie apunguze sauti, aelekeze upepo kwenye kioo cha mbele, aongeze ubaridi. Hesabu sekunde. Akikwama, mwombe muuzaji bei ya gari bila skrini. Na kama unaagiza moja kwa moja Japani, taka picha ya dashibodi kabla ya kutuma fedha, uone kama swichi za AC zimejitenga na redio. Zikiwa ndani ya skrini moja, siku utakapotaka kuing'oa ufunge redio ya Kiswahili au Kiingereza, fundi atakuambia AC nayo inaondoka.