Samaki Mdogo na Maradhi ya Wasiwasi

Katika vijito na mashamba ya mpunga ya India, Bangladesh na Nepal huishi samaki mdogo mwenye urefu upatao sentimita 4. Kwa sababu ya mistari yake huitwa samaki pundamilia. Kwa kitoweo hana faida kubwa, lakini katika maabara amekuwa mwalimu wa madaktari wanaochunguza maradhi ya ubongo.

Aliyemfungulia mlango huo ni George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, ambaye mwaka 1981 alieleza njia ya kuzalisha samaki hao wakiwa na urithi wa namna moja. Jike hutaga mayai mamia kwa mara moja, na mayai hayo hukua nje ya tumbo la mama. Kifaranga chake huwa angavu kama kioo, hata ubongo wake huweza kuchunguzwa kwa darubini angali hai. Tena mwaka 2013 ilitangazwa kwamba asilimia 70 hivi ya jeni za binadamu zina jeni za kufanana nazo katika samaki huyo.

Je, hofu ya samaki hupimwaje? Samaki hutiwa katika tangi geni la kioo. Mara huzama chini na kukaa huko, mithili ya mgeni aliyejibanza pembeni mwa ukumbi. Baada ya dakika chache huanza kupanda juu, akichunguza makao mapya. Akipewa buspironi, dawa wapewayo watu wenye wasiwasi, hupanda mapema zaidi. Anapoogopa, mwili wake hutoa kotisoli, homoni ile ile itokayo katika mwili wa binadamu mwenye hofu.

Homoni hiyo si adui. Huuandaa mwili kukabili hatari, kisha huuarifu ubongo kwamba sasa yatosha, nao ubongo hufunga breki. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wataalamu walichunguza samaki ambao jeni yao ya kuipokea kotisoli ilikuwa na kasoro. Kotisoli yao ilizidi kiasi, na mahali pageni hawakupazoea hata walipotiwa humo tena na tena. Walipopewa fluoksetini, dawa itumiwayo kutibu huzuni kubwa ya watu, hali yao ilikuwa nafuu.

Hapa ndipo lilipo fundisho. Hofu isiyokwisha yaweza kutokana na hitilafu ya mwili, kama vile breki ya gari inavyoweza kukatika. Si uvivu, si laana, wala si malezi mabaya.

Kifafa nacho ni vivyo hivyo. Mwaka 2013, Scott Baraban na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walitumia vifaranga vya samaki hawa vyenye kasoro ya jeni inayolingana na ile ya ugonjwa wa Dravet, kifafa kikali cha watoto. Kati ya dawa nyingi walizojaribu, klemizoli, dawa ya zamani ya mzio, ilituliza degedege za vifaranga hivyo. Baadaye dawa hiyo iliingizwa katika majaribio kwa watu.

Jambo jingine lilionekana Ureno mwaka 2017. Samaki waliotiwa katika maji yenye harufu ya hatari walipungukiwa na hofu walipowaona wenzao karibu.

Ni kweli kwamba samaki si binadamu. Hana karo ya kulipa wala msiba wa kukumbuka, na dawa iliyomfaa yeye huenda isimfae mtu. Kwa hiyo dawa za kutuliza zisinunuliwe ovyo dukani. Ni za kuandikwa na daktari.

Lakini mgonjwa asifichwe chumbani. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mtoto akianguka kifafa asikimbiwe, maana kifafa hakiambukizi. Asitiwe kitu kinywani wala asikandamizwe. Alazwe ubavu, kisha apelekwe zahanati. Na yule asiyelala kwa wasiwasi aandamane na ndugu mpaka kwa mganga wa hospitali, kwani kuwa na mwenzi karibu ni sehemu ya tiba.