Redio si ya wazee, vijana wa Nakuru tuingie hewani

Ukimwambia msee wa Nakuru kuna mashindano ya redio, atadhani ni ya kupigia stesheni simu ushinde mia mbili. Zii. Hii ni redio ya ridhaa: wewe, mtambo na waya wa antena. Hakuna bando.

Katika CQ World Wide, kila Oktoba na Novemba, una saa 48 za kuongea na watu wengi uwezavyo, na kila nchi mpya inazidisha pointi zako. Wakenya hewani ni wachache. Ukijitambulisha kwa 5Z4 yetu, dunia nzima inakupangia foleni.

Lakini pointi kando. Mei 2018 bwawa la Patel lilipasuka Solai, watu zaidi ya 40 wakaangamia. Aprili 2024 ikawa Mai Mahiu. Yote gizani. Siku mlingoti wa simu utazimika, atakayefikisha ujumbe ni yule aliyezoea betri ya gari, kunasa sauti hafifu kwenye kelele na kuiandika bila kukosea. Mashindano yanafundisha hayo hayo.

Mtambo ni ghali, sikatai. Ndiyo maana nasema klabu: mtambo mmoja, vijana ishirini, wikendi moja Menengai. Leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ni lazima. Digrii si lazima, na mimi niliyeacha chuo naipenda hiyo.

Kaunti inunue mtambo mmoja tu. Kukesha tutakesha sisi. Tayari tunakesha na simu kila usiku, bila faida.